Kuku Rahisi, Mayai Hakuna: Kisa cha Afisa Kijana wa Kikoloni na Barua Zake za Nyumbani

## Kisa chenyewe na yaliyofichwa

Kisa hiki kimetoka kwenye fungu la barua ambazo afisa mmoja kijana wa Kiingereza aliwaandikia wazazi wake na kaka yake kutoka wilaya moja ya ukanda wa Reli ya Kati, Tanganyika, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Jina lake nimeliondoa, na vilevile majina ya wilaya, mtemi, karani na mpishi. Mwaka wenyewe siutaji, kwa sababu wajukuu wa pande zote wapo na kisa kina habari za njaa na za madeni. Maneno ya barua sikuyanakili. Nimeyasimulia kwa lugha yangu.

Afisa nitamwita Bwana Mdogo, kama watu walivyowaita wa cheo chake. Mkuu wake wa wilaya ni Bwana Mkubwa.

Wengi wakipata barua za aina hii hukimbilia sentensi za siasa: alisemaje kuhusu Waafrika, aliuamini utawala au alikuwa na mashaka nao. Kwa fungu hili, sioni kama huko ndiko kwenye mali. Jambo zito kuliko yote limo kwenye habari za jikoni alizomwandikia mama yake, na mwenyewe hakujua ameliandika.

## Usuli

Bwana Mdogo alifika akiwa na miaka 23. Alikulia mashambani Uingereza, katika nyumba ambayo mama alifuga kuku wa mayai. Hili lishikwe, litarudi. Baada ya chuo kikuu alihojiwa London, akapelekwa mwaka mmoja kwenye kozi ya maafisa wa utawala iliyokuwa ikifundishwa Oxford na Cambridge: sheria, upimaji ardhi, mazao, afya ya nchi za joto na Kiswahili. Aliajiriwa kwa majaribio. Ili athibitishwe kazini ilimpasa afaulu mitihani ya sheria na ya Kiswahili, na Bwana Mkubwa amwandikie ripoti nzuri.

Tanganyika wakati huo ilikuwa nchi ya udhamini, ambayo Uingereza iliitawala kwa idhini ya Shirikisho la Mataifa tangu 1922. Gavana Donald Cameron, aliyekuwapo 1925 hadi 1931, alileta mfumo wa kutawala kupitia watemi na majumbe, na sheria ya 1926 ikazitambua mamlaka za wenyeji, ambazo zilikuwa na mabaraza yao ya hukumu na hazina zao. Hazina hizo zilijazwa na fungu la kodi iliyokusanywa katika eneo lao. Mshahara wa mtemi, wa karani wake na wa askari wa baraza ulitoka humo humo. Kwa hiyo mtemi aliyeomba kodi isogezwe mbele alikuwa anauomba mshahara wake mwenyewe upungue.

Kodi yenyewe ilikuwa ya nyumba na ya kichwa. Mwenye nyumba alilipia nyumba, mwanamume mzima asiye na nyumba alilipia kichwa chake, na mwenye wake zaidi ya mmoja alilipa zaidi. Katika eneo la kisa hiki ilikuwa shilingi 10 kwa mwaka. Kwa nchi ya misonge hesabu ilikuwa nyepesi: mlango mmoja, nyumba moja. Kwa nchi ya matembe ilikuwa ugomvi wa kila mwaka, maana chini ya dari moja ndefu hukaa mzee, wanawe waliooa, wajane na ng'ombe, na kila mkusanyaji alihesabu kwa akili yake.

Mambo mawili yaliukaza mkono wa serikali. Kwanza, mdororo wa uchumi ulioanza 1929 uliziangusha bei za mkonge, pamba na kahawa. Watumishi walipunguzwa, mishahara ya maafisa ikakatwa, na mwaka 1932 Uingereza ikamtuma Sir Sydney Armitage-Smith kuzikagua fedha za Tanganyika. Makao makuu ya jimbo yalitaka kodi iingie, na kila wilaya ilipimwa kwa asilimia. Pili, nzige. Waliivamia nchi miaka kadhaa mfululizo, na wabaya kuliko wanaoruka ni tunutu, watoto wao wasio na mbawa, wanaokwenda ardhini kama maji ya mvua na kumaliza shamba kwa alasiri moja.

## Siku yake bomani

Saa kumi na mbili asubuhi Bwana Mdogo alikuwa kwenye uwanja wa boma, yaani ofisi za serikali wilayani, polisi wakikaguliwa na wafungwa wakipangiwa kazi, nyingi yake ikiwa kukata nyasi na kuteka maji ya bustani. Saa moja alikula mayai na uji, kama mayai yapo. Saa mbili alifungua sefu pamoja na karani wa kodi, kila mmoja na ufunguo wake.

Kuhesabu pesa ndiyo kazi iliyomla kuliko zote mwaka wa kwanza, na barua za kwa kaka zimejaa manung'uniko yake. Kodi ya vijijini haikuja kwa noti. Ilikuja kwa mifuko: shilingi zilizopauka, sumuni, na senti kumi zenye tundu katikati zikiwa zimetungwa kwenye uzi wa katani, mia kwa mia. Alizimwaga mezani, akazipanga kwa mafungu, akalinganisha na vishina vya stakabadhi. Ikipungua senti 30, siku nzima imekwenda. Karani alikuwa na desturi ya kupima uzi kwa kiganja kabla ya kuhesabu, na kiganja chake, Bwana Mdogo alikiri kwa kaka yake, kilikosea mara chache kuliko hesabu yake yeye.

Kuanzia saa nne aliketi barazani kusikiliza mashauri: mbuzi aliyekula mtama wa jirani, mahari isiyorudishwa, mzee anayedai stakabadhi yake ya kodi imeliwa na mchwa. Kiswahili chake kilikuwa cha kozi. Watu wengi walisema lugha ya kwao, tarishi akaigeuza Kiswahili, naye akaandika Kiingereza. Jioni alitembea na mbwa wake, akaoga kwenye beseni la turubai, akanywa kwinini, akawasha taa ya mafuta na kusomea mtihani.

Watu aliokuwa nao kutwa walikuwa watatu. Karani wa kodi, mtu mzima aliyesoma shule ya misheni na kufanya kazi bomani hapo chini ya wakubwa kadhaa. Tarishi mkuu, askari wa zamani. Na mpishi, aliyerithiwa kutoka kwa afisa aliyemtangulia, mwenye barua za sifa zilizofungwa ndani ya kipande cha ngozi. Katika barua za kwa mama wote watatu ni vichekesho. Mpishi hasa: namna anavyotamka majina ya vyakula vya Kizungu, namna alivyomchoma bata hadi akawa mkaa, namna anavyodai hela za sokoni.

## Barua tatu za juma moja

Aliandika Jumapili baada ya chakula cha mchana. Kwa mama kila juma, kurasa nne hadi sita. Kwa baba takriban mara moja kwa mwezi, kifupi, kuhusu mshahara, makato na deni la vifaa alivyonunua London kabla ya safari: kitanda cha kukunja, chandarua, sanduku za bati, bunduki. Kwa kaka aliandika anapokuwa na jambo la kusema.

Usafiri wa ndege wa Imperial Airways ulikuwa umeshafika Afrika Mashariki mwaka 1931, na barua ya ndege ilifika Uingereza kwa wiki moja na siku kadhaa. Ilikuwa na gharama, na kijana mwenye deni alihesabu. Barua nyingi zilikwenda kwa treni hadi Dar es Salaam, kisha kwa meli kupitia Suez. Mwezi kwenda, mwezi kurudi: swali la mama lilimkuta mwanawe miezi miwili baada ya jambo lenyewe.

Kilichobaki ni upande mmoja tu. Mama alitunza kila karatasi. Mwana hakutunza za mama. Aliyouliza mama tunayajua kwa majibu aliyopewa. Ndivyo mafungu mengi ya aina hii yalivyo, pamoja na yale yaliyokusanywa Oxford katika mradi ulioanza 1963 wa kuwaomba maafisa waliostaafu nyaraka zao. Upande wa wilaya lazima utafutwe kwingine: vitabu vya wilaya, taarifa za safari na majedwali ya kodi, ambavyo vingi vimo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam.

## Mfululizo wa matukio

Machi, mtama na uwele vikiwa vinatoa masuke, tunutu waliingia kusini mwa wilaya. Bwana Mdogo alipelekwa kusimamia uchimbaji wa mitaro. Watu walipanga mstari mrefu na matawi mikononi, wakawaswaga tunutu hadi mtaroni na kuwafukia. Kwa mama aliandika kama mtu aliyetoka kwenye mchezo wa raga. Kwa kaka aliandika kwamba walifukia mitaro kwa siku tisa, na mashamba ya upande wa pili wa mto yalikwisha walipokuwa wanafukia.

Mwishoni mwa Aprili kuna barua ndefu kwa mama ambayo karibu yote ni ya chakula. Anasema anaishi kitajiri. Kuku aliyekuwa senti 50 sasa anapatikana kwa senti 20, na kila asubuhi wanawake wamejipanga nyuma ya jiko na kuku mikononi, hadi mpishi anawafukuza. Amekula kuku siku sita kati ya saba na amechoka. Ajabu, anaongeza, mayai hayapatikani hata kwa dawa. Na mpishi amekuwa mwizi: hela ya unga wa posho ya watumishi wa nyumbani anaidai karibu maradufu, kipimo ni pishi ile ile, anasingizia kwamba siku hizi anautafuta unga mwendo wa nusu siku.

Mei alimkata mpishi shilingi mbili kwenye mshahara ili amfundishe adabu. Alimwandikia mama kwa fahari kidogo, kama kijana anayeonyesha kwamba sasa anaweza kuendesha nyumba.

Katikati ya Juni alitumwa safari ya kodi: wapagazi, karani, matarishi wawili, mpishi, hema, na sanduku la chuma la pesa. Bwana Mkubwa alimpa orodha ya majumbe na kiasi kilichotarajiwa kwa kila mmoja. Katika eneo la kusini mtemi alimpokea vizuri, akampa mbuzi, kisha akamwomba mbele ya wazee kwamba kodi ya maeneo matatu isubiri mavuno ya mwaka unaofuata. Watu hawana nafaka, alisema, na ng'ombe kwenye mnada hawana bei.

Kabla ya kujibu Bwana Mdogo alitembezwa vijijini. Kwa jumbe wa pili aliona vihenge vinne vimejaa uwele hadi kwenye mfuniko. Alirudi akakataa ombi.

Wiki mbili zilizofuata kodi iliingia, na taarifa yake ya safari ina majedwali yanayopendeza. Watu waliuza ng'ombe kwa wafanyabiashara waliofuata msafara nyuma nyuma, wakijua kwamba muuzaji ana siku mbili tu. Vijana kadhaa waliondoka kwenda mashamba ya mkonge ya Morogoro, ingawa mashamba hayo nayo yalikuwa yanapunguza watu. Wasiokuwa na cha kuuza waliandikwa kufanya kazi ya kodi: kufyeka barabara na kusawazisha uwanja wa dharura wa ndege. Mkataba wa kimataifa wa 1930 kuhusu kazi za kulazimishwa ulikuwa umeshasema kwamba kazi ya namna hiyo iondolewe hatua kwa hatua. Katika wilaya hii hatua zilikuwa ndefu.

Mwanzoni mwa Julai tarishi alileta barua kambini, na humo mlikuwa na jibu la mama kwa ile barua ya kuku. Kutokana na alivyojibu mwana, mama aliuliza jambo moja: ni nani hao wanaouza kuku wao wote wa mayai kwa pamoja, na watakula nini baadaye? Alijibu kwa mstari mmoja kwamba wenyeji wanahitaji pesa ya kodi, akaendelea na habari za mbwa.

Siku chache baadaye posho ya wapagazi ilikwisha. Hapa ndipo karani alipofanya jambo ambalo kwangu ni kiini cha kisa kizima. Hakumwambia bwana wake kwamba amekosea. Alipendekeza, walipokuwa wakifunga vitabu jioni, kwamba badala ya kutuma watu bomani wanunue posho kwa yule jumbe mwenye vihenge vinne, kwa kuwa Bwana aliviona mwenyewe. Asubuhi walikwenda. Jumbe alikataa kuuza. Bwana Mdogo alikasirika, akaamuru kihenge kimoja kifunguliwe.

Ndani mlikuwa na mafungu ya masuke, kila fungu limefungwa kwa namna yake: hili kwa gome, hili kwa ukindu, hili kwa kipande cha nguo. Ilikuwa mbegu. Kaya za eneo zima zilizookoa kona ya shamba zilikuwa zimeweka mbegu yao kwa jumbe ili pasitokee mtu wa kuila usiku kwa njaa. Majina ya wenyewe jumbe aliyajua kwa kuangalia mafundo. Vihenge vya majumbani vilikuwa vitupu, na huko Bwana Mdogo hakuchungulia.

## Maamuzi na sababu zake

La mpishi lilikuwa jepesi kuamua. Wazungu wenzake wote wilayani walimwambia kwamba mpishi hula cha juu, na pengine wa kwake naye alikula. Bei ikipanda, maelezo yalikuwa tayari yamekaa kichwani, hakuhitaji jingine.

La kukataa ombi la mtemi lilikuwa na sababu zaidi ya moja, na barua za kwa kaka zinazitaja bila kuzipamba. Agizo lilikuwa kukusanya. Bwana Mkubwa alikuwa amemwonya kwamba kila mtemi hulia njaa msimu wa kodi, na kwamba afisa mpya hupimwa kwa kilio cha kwanza. Ripoti ya kuthibitishwa kazini ilikuwa inaandikwa mwezi Septemba. Na alikuwa na ushahidi, au alidhani anao: vihenge vinne. Mtu asiuone uamuzi huu kama wa mtu katili. Alikwenda, akatazama, akahesabu. Kasoro ni kwamba alitazama mahali alipopelekwa na mtu mwenye heshima, akahesabu vyombo bila kuuliza vya nani.

Uamuzi wa tatu aliufanya usiku ule ule baada ya kihenge kufunguliwa. Alimwandikia Bwana Mkubwa kwa tarishi wa mbio, akapendekeza kodi ya maeneo matatu isimamishwe na walio kwenye kazi ya kodi wapewe posho. Kwa kaka yake aliandika kurasa tatu, kwa hasira, nyingi ikiwa ya kujilaumu. Kwa mama, Jumapili ile, aliandika kwamba wamepata shida kidogo ya posho lakini sasa mambo ni sawa.

## Matokeo

Bwana Mkubwa alikubali nusu. Maeneo mawili yalisogezewa kodi hadi baada ya mavuno. La tatu lilikuwa limeshalipa kiasi kikubwa, akaona si haki kwa waliolipa. Posho ya walio kwenye kazi ya kodi iliruhusiwa. Waliouza ng'ombe hawakurudishiwa kitu. Mwishoni mwa mwaka mahindi yaliletwa kwa reli na kutolewa kwa mkopo, na msimu uliofuata baraza la mtemi liliagizwa kutoa amri kwamba kila kaya ilime mihogo ya akiba, kama ilivyofanyika sehemu nyingi za nchi miaka ile.

Fungu la kodi la hazina ya mtemi lilipungua kama alivyojua litapungua, na askari wawili wa baraza waliachishwa. Mbegu iliyokuwa kwenye vihenge ilipandwa.

Bwana Mdogo alithibitishwa kazini. Taarifa ya wilaya inasema njaa ilitambuliwa mapema kwa juhudi za afisa wa safari. Karani hatajwi. Mpishi alimfuata kwenye kituo kipya, hivyo huenda waliyamaliza. Lakini zile shilingi mbili hazionekani tena popote, si kwa mama, si kwa baba ambaye aliandikiwa habari za fedha.

## Uchambuzi

Wanaosoma kisa hiki mara ya kwanza humsifu kijana kwa kubadili mawazo, na kweli si kila afisa angeandika barua ile usiku, tena kabla ya ripoti ya Septemba. Hilo lilifaa, na lisemwe. Lakini alibadili mawazo Julai. Alichohitaji kukijua alikuwa ameshakiandika mwishoni mwa Aprili, kwa mkono wake, akiwa ameshiba kuku.

Tazama ile barua kwa utulivu. Bei ya kuku imeanguka na bei ya unga imepanda, kwa wakati mmoja. Mayai yamekwisha kwa sababu matetea ndio wanaouzwa, na kwa sababu kuku hula pumba na pumba hakuna. Wauzaji ni wanawake, asubuhi, wengi, wanaokubali bei yoyote. Na mtumishi anatembea nusu siku kutafuta pishi ya unga. Mfugaji yeyote wa nchi kavu anaijua hali hiyo: mnyama anauzwa ili inunuliwe nafaka, na kila anayeuza anamshushia bei mwenzake. Ng'ombe huja baadaye. Kuku hutangulia, kwa kuwa ni mali ndogo na katika kaya nyingi ni mali ya mama mwenye nyumba, ambaye ndiye anayejua kihenge kimebakiwa na nini. Ofisi ya Bwana Mdogo iliandikisha wanaume, ikauliza wanaume, ikahesabu ng'ombe. Walioleta habari walikuwa nyuma ya jiko, wakifukuzwa.

Ndiyo maana naipa barua ya mama uzito kuliko ya kaka. Kwa kaka alikuwa anajieleza, anayejieleza huchagua. Taarifa ya safari aliiandikia Bwana Mkubwa, na humo hata makosa yamepangwa kwa safu. Kwa mama alikuwa anazungumza tu. Bei ya kuku hakuwa na sababu ya kuipunguza wala kuiongeza. Alificha kwa mama mambo mengi, homa zake mbili, mtu aliyekufa mtaroni, hofu ya kufukuzwa kazi, lakini hakuona haja ya kuficha sokoni, kwa hiyo soko limebaki zima.

Na mama aliuliza swali lililotakiwa kuulizwa na boma. Hakuwahi kufika Afrika, alifuga kuku. Hapa lazima tujizuie: maneno yake hatunayo, tunayo jibu la mwana tu, na inawezekana swali lilikuwa la udadisi kuliko la hekima. Hata hivyo jibu linaonyesha lilivyopokelewa. Alisema wanauza kwa ajili ya kodi, jambo lililokuwa kweli kwa nusu, na nusu hiyo ikamtosha. Laiti angetumia ndege, barua ingemfikia mama mapema Mei na jibu lingerudi kabla safari ya kodi haijaanza. Sidhani kama lingebadili kitu. Mpishi alikuwa ameshamwambia bei, ana kwa ana, kwa bure, na alikatwa mshahara.

Kuhusu mtemi, kosa lilikuwa la hesabu zaidi kuliko la roho. Mtu anayeomba jambo linalomgharimu anastahili kusikilizwa mara ya pili. Bwana Mkubwa alimfundisha kijana wake kwamba watemi hulia, hakumfundisha kuuliza kilio hiki kinamlipa nani. Mfumo wenyewe ulikuwa umeweka jibu ndani ya daftari la hazina, ambalo Bwana Mdogo alilikagua kila mwezi.

Karani ndiye aliyefanya kazi bora kuliko wote. Angesema wazi kwamba vihenge si vya jumbe, angekuwa anampinga bwana mbele ya uamuzi uliokwisha kutangazwa, na jumbe angeonekana mwongo. Akasubiri haja ya kweli, posho, akaiacha haja hiyo iulize swali. Gharama ya njia hii ni muda: ng'ombe waliouzwa kwenye wiki mbili zile hawakurudi. Wapo wanaosema alijua tangu mwanzo na alipaswa kuthubutu mapema. Mimi naona lawama hiyo inawekwa kwenye bega lisilostahili. Boma lililomwezesha kijana wa miaka 23 kufuta kazi ya mtu mzima kwa ripoti ya mistari miwili ndilo lililomfundisha karani kuzunguka.

Jumbe naye asisahaulike. Alikataa kuuza mbegu mbele ya Bwana Mdogo na msafara wake. Kwenye taarifa ya safari amewekewa alama ya mkaidi, na alama hiyo haikufutwa baadaye.

## Namna ya kukitumia kisa hiki darasani

Ninapokifundisha kwa walimu wa historia sianzi na utangulizi wowote wa ukoloni. Nawapa barua ya Aprili peke yake, bila tarehe ya nzige, nawaomba waseme wilaya hiyo ina hali gani. Waliokulia kwenye nyumba za wafugaji wa Dodoma, Singida au Shinyanga hulitambua jambo kabla hawajamaliza ukurasa wa pili. Waliokulia mjini wengi hucheka na mpishi. Kisha nawagawia jedwali la kodi la Juni, wanaona asilimia zilivyo nzuri, na mjadala unaanza wenyewe.

Kazi inayofuata ni ya makundi: kila kundi liandike taarifa moja ya ukurasa mmoja ya mwezi wa Aprili kwa Bwana Mkubwa, kwa kutumia tu yale ambayo mpishi aliyajua. Taarifa hizo huwa na bei ya unga, umbali wa soko, idadi ya wanawake nyuma ya jiko na upande wanaotokea. Huwa zinatosha kusimamisha safari ya kodi.